Nyama ya Korintho

Alfajiri, Vingunguti huamka kwa kwato.
Ng'ombe wa Singida wanashuka kwenye lori
na namba za rangi mgongoni,
nami naandika: kumi na saba, kumi na nane.
Chini ya daftari nimeficha kitabu cha kozi ya jioni;
ukurasa wa mia na nne una damu kidogo.

Ukurasa huo unasema palikuwa na mji, Korintho,
bandari mbili, kila lugha, kila mungu na kibanda chake,
na nyama ya sokoni ilitoka hekaluni.
Fahali kavishwa maua, kachinjwa mbele ya sanamu,
mungu kapewa moshi na mifupa,
kilichobaki kikaning'inizwa buchani kwa bei ya kawaida.
Basi waumini wapya wakagawanyika mbele ya mzani.
Huyu anasema sanamu si kitu, nikatie.
Yule anakumbuka magoti yake mwenyewe pale madhabahuni,
mate yanamkauka.

Nikacheka peke yangu.
Swali hilo nililisikia jana dirishani:
"Kachinja nani?"

Kachinja Kibwana Shomvi. Nani mwingine?

Mwalimu wetu wa jioni, pale Kurasini,
hukohoa kabla ya kila jina gumu.
Msidhani, anasema, ulikuwa mti mmoja ukatoa matawi.
Kilikuwa kichaka.
Wapo walioshika Sabato na walioshika kesho yake.
Wapo waliomega mkate kwa maji matupu,
divai wakaiona ya shetani.
Frigia wanawake walitabiri
hadi maaskofu wakaziba masikio.
Wapo waliosema aliyefinyanga udongo
siye aliyemtuma Mwana.
Na kila mmoja alimwita mwenzake mpotevu
kwa Kigiriki safi.

Mimi sikuandika kitu. Nilikuwa nahesabu ndugu zangu.

Elinaza ni Mlutheri, besi ya kwaya, Buguruni.
Namkunda ni Msabato; Ijumaa jua likizama
jiko lake limeshapoa.
Eusebia aliolewa na Ukatoliki pamoja na mume,
mume akaondoka, Ukatoliki ukabaki.
Na Heriel, kitinda mimba, ana kanisa lake,
turubai la buluu, spika mbili, viti vya kukodi,
jina refu kuliko turubai.

Mama alipofariki tulikaa wote kwenye mkeka mmoja
na hatukukubaliana hata saa.
Namkunda: isiwe Jumamosi.
Eusebia: na misa?
Elinaza akatoa kadi ya sadaka ya Mama,
mihuri yote ipo, hadi Machi,
akaiweka mkekani kama hati ya kiwanja.

Nje, ng'ombe wa msiba amefungwa kwenye nguzo ya umeme.
Shomvi amechuchumaa kando yake,
kisu kimeviringishwa gazetini.
Majirani nusu ni Waislamu, na wao ndio waliochimba,
wao ndio waliobeba maji.
Heriel akasimama mlangoni:
"Ikisomewa maneno yale, mimi siili."
Hakuna aliyemjibu.
Shomvi alisikia. Akamgeuza ng'ombe kibla, akasoma,
akafanya kazi yake haraka, bila kumtesa.

Usiku harufu ya pilau ilijaza uchochoro mzima.
Heriel nilimkuta nyuma ya choo,
amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa,
anakula maharage ya jana, baridi, kwa kidole.
Alikuwa amelia. Au ni moshi.

Mimi najua sanamu si kitu. Najua maneno ya Shomvi
ni jina la Mungu tu.
Sahani yangu ilikuwa na mnofu wa paja, laini,
nilioukata kwa mkono wangu.
Nikaurudisha sufuriani.
Nikavuta ndoo nyingine.
Tulikula maharage, hatukuzungumza dini.

Shomvi akapita na birika, ananawa mikono.
"Wewe mwenye nyama, mbona huli nyama?"

Nimeshiba, nikamwambia.
Ulikuwa uongo.